Barua kwa mwanangu mwalimu: rais mmoja anatosha

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, ila baba yako goti linamsumbua tangu masika yaanze, na bado haambiliki, barazani lazima aende. Ujumbe wako nimeusoma. Umepewa darasa la tano hapo Ohio, watoto wa miaka 10 na 11, uwafundishe marais wa Marekani na zama zao. Unasema ukutani picha zao wote zimeshapangwa, na mwalimu mwenzako anawaimbisha majina kuanzia Washington mpaka wa leo. Unaniuliza uanzie wapi.

Waache waimbe, wimbo haumdhuru mtoto. Ila jina la rais bila watu walioishi chini yake ni jina tu, likitoka kwenye mtihani limekwenda zake. Chagua rais mmoja. Mfundishe kwa karatasi alizotia saini, na kila karatasi waulize: hii ilimfikia nani, na ilimfanya nini? Mimi ningemchukua Andrew Jackson, rais wa saba, aliyekaa madarakani kuanzia 1829 hadi 1837. Sura yake wanaijua, iko kwenye noti ya dola 20 tangu 1928.

Watoto watampenda kwanza, na usiwazuie. Alikuwa mtoto wa maskini. Akiwa na miaka 14, wakati wa vita vya uhuru, ofisa wa Kiingereza alimwamuru amsafishie viatu, akakataa, akakatwa kwa upanga mkononi na kichwani. Makovu alikuwa nayo mpaka uzeeni. Mwaka uleule akawa yatima. Waeleze na siku ile ya Januari 1835, mtu mmoja alipomwelekezea bastola mbili mlangoni mwa jengo la Bunge, zote mbili zikagoma, na mzee wa miaka 67 akamvamia mshambuliaji wake kwa bakora. Halafu jibini! Mkulima wa New York alimpelekea jibini moja la zaidi ya kilo 600. Mwezi Februari 1837 akafungua milango ya Ikulu, watu wakaingia wakalila mpaka likaisha, na harufu ikabaki kwenye mazulia. Ukimaliza hapo darasa zima liko mkononi mwako.

Sasa walete kwenye karatasi ya kwanza. Tarehe 28 Mei 1830 Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia wa kusini mashariki, wapelekwe ng'ambo ya mto Mississippi. Usiseme "Marekani iliamua", kana kwamba nchi ina mkono mmoja. Kwenye Baraza la Wawakilishi (wanalo na wao, siyo sisi peke yetu) kura zilikuwa 102 kwa 97. Wangegeuka watatu tu, sheria isingepita. Waandikie namba hizo ubaoni watoto wafanye hesabu wenyewe. Mtoto akijua kwamba jambo lingeweza kwenda vingine, ataanza kuuliza kwa nini lilikwenda hivi.

Na kabla hujamtaja askari hata mmoja, waoneshe Wacherokee, mmoja wa makabila hayo ya wenyeji, walikuwa nani. Sequoyah, mtu asiyejua kusoma Kiingereza, alikaa miaka akitunga maandishi ya lugha yake, alama zaidi ya 80, kila moja silabi. Akamaliza 1821. Kufikia Februari 1828 Wacherokee walikuwa na gazeti lao, Cherokee Phoenix, likichapwa New Echota, jimbo la Georgia, kwa lugha mbili. Walikuwa na katiba, mahakama na mashamba. Hapa kaa siku nzima, mwanangu. Zichape zile alama, watoto waandike majina yao kwa silabi hizo. Sisi tulikuwa tukiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo najua mtoto anavyochangamka akiliona jina lake limevaa vazi jingine.

Halafu ndipo useme dhahabu iliyopatikana Georgia, na wakulima wa pamba waliokuwa wakiitamani ardhi ile.

Mwaka 1832 Mahakama ya Juu ilisema Georgia haina mamlaka ndani ya nchi ya Wacherokee. Utakutana na maneno anayobandikwa Jackson, kwamba jaji ameshaamua, basi na atekeleze mwenyewe. Wanahistoria wengi wanatilia shaka kama aliyasema kweli. Usiyatumie. Au yatumie kwa kuwauliza watoto: kwa nini watu wamependa kuyaamini miaka yote hii?

Karatasi ya pili ni mkataba wa New Echota, Desemba 1835. Kikundi kidogo cha Wacherokee kilitia saini kuiachia Marekani ardhi yote, bila idhini ya mkuu wao, John Ross. Ross akapeleka Washington malalamiko yenye saini zaidi ya 15,000. Yaweke mawili hayo mezani, saini za wachache na saini za maelfu, uwaulize watoto Seneti ilichukua zipi. Ilichukua za wachache, na ingepungua kura moja tu, theluthi mbili zinazotakiwa zisingetimia. Miongoni mwa wachache hao alikuwemo Elias Boudinot, mhariri wa kwanza wa lile gazeti, aliyepinga kuhamishwa kwa miaka kisha akaona hakuna njia tena. Wenzake walimuua mwaka 1839. Mwalimu mwenzako atakwambia hilo ni zito kwa watoto. Mimi naona mtoto wa miaka 10 anaelewa vizuri sana mtu aliyekata tamaa na mtu aliyeona amesalitiwa, anayaona uwanjani kila siku wakati wa mapumziko.

Wanajeshi walikuja kuwaondoa Wacherokee 1838, rais akiwa Martin Van Buren. Lisisitize hilo, maana picha za ukutani zinawadanganya kwamba kila rais na mambo yake. Mmoja alitia saini, mwingine akatekeleza. Katika watu kama 16,000 waliosukumwa magharibi, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba 4,000 walikufa, kambini na njiani. Ndiyo inayoitwa Njia ya Machozi. Na usiiache Georgia kule mbali: Wawyandot, kabila la mwisho kuondoka Ohio, walitoka Upper Sandusky, kaskazini mwa hapo ulipo, mwaka 1843. Rais alikuwa John Tyler, sheria ni ileile ya Jackson. Kama skuli ina basi, wapeleke.

Karatasi ya tatu ndiyo yetu, na najua hapa utatabasamu. Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire aliyetumwa na Jackson, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, kule Muscat, kwa Kiarabu na Kiingereza. Meli za Marekani zikaruhusiwa kuuza bidhaa Unguja kwa ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 konseli wao, yaani mwakilishi wa serikali yao, alikuwa tayari anaishi Mji Mkongwe, miaka minne kabla ya Mwingereza. Wenye meli wengi walitoka Salem, Massachusetts. Walileta merikani, ile nguo nyeupe ngumu waliyovaa mababu zetu, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Ramani ikunjue hapo hapo. Pamba ya kusini ililimwa na watumwa, nyingine kwenye ardhi zilezile walizoondolewa wenyeji. Ikafumwa viwandani Massachusetts na wasichana wa mashambani, ikaja kuuzwa huku kwetu. Jackson mwenyewe alimiliki watumwa, alipokufa 1845 walikuwa kama 150 kwenye shamba lake la Hermitage, Tennessee. Na usituachie sisi tutoke wasafi kwa kuwa ni kwetu. Sayyid Said naye karafuu zake zililimwa na watumwa. Mtoto akikuuliza nani alikuwa mtu mzuri kwenye mkataba ule, mjibu kwamba waliotia saini walinufaika wote wawili, na waliolima pamba na karafuu hakuna aliyewauliza.

Kisha wapumzishe kwa meli ya Sultana. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman, imebeba zawadi za Sayyid Said kwa Rais Van Buren: farasi wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi. Rais hakuweza kuzichukua, katiba yao inamkataza kupokea zawadi ya mfalme bila ruhusa ya Bunge. Huku nako kurudisha zawadi ni kumtukana mgeni. Wagawe watoto makundi mawili, wengine wawe watu wa rais, wengine wajumbe wa Sayyid, watafute njia. Wakishachoka kubishana waambie ilivyokuwa: zawadi zilipokelewa kwa jina la taifa, farasi wakauzwa, na Wamarekani wakaitengeneza Sultana kwenye karakana yao ya kijeshi Brooklyn kabla haijarudi. Sijui somo la katiba lililo tamu kuliko hilo.

Mambo ya Jackson na Benki ya Marekani, benki kuu ya wakati ule aliyoipinga, yapitie haraka. Yana maana kubwa, lakini kwa umri ule utawalaza. Haki ya kupiga kura itaje: zama zile wanaume weupe wasio na mali walizidi kuipata, hali wanawake na karibu watu wote weusi wakiachwa nje.

Wazazi wengine watakuja juu. Mmoja atasema unamchafua shujaa, mwingine atasema kwa nini umewasimulia habari ya jibini kama mtu yule alikuwa mcheshi tu. Wote wawili wakaribishe kwa adabu uwaoneshe karatasi. Sheria, mkataba na malalamiko ya Ross vyote vipo vimechapishwa, hukuvitunga wewe.

Shangazi yako anakusalimu, anauliza ile kanga ilifika. Na uniandikie umepewa wiki ngapi. Ikiwa ni moja tu, acha bastola, acha Benki, jibini libaki.

Mama yako,
Unguja