Sabuni ya uso ikikuchoma sio kwamba ndo inafanya kazi

Alhamisi iliyopita dada mmoja kaingia dukani kashika chupa ya sabuni ya uso niliyomuuzia, hata salamu ilikuja mwishoni. "Dada umenipiga, hii feki, hebu niangalie uso wangu." Nikamwangalia. Mashavu yamekauka yanatoa magamba, pembeni mwa pua pamechanika, kidevuni vipele vidogo vidogo. Nikachukua ile chupa nikainyanyua kwenye taa, ya mililita 150, imebaki nusu. Nikafungua daftari langu, kanunua siku 9 zilizopita.

Sasa wanaonijua wanajua, chupa ile ukitoa kiasi cha punje ya njegere asubuhi na usiku inakupeleka miezi 2 na chenji. Yeye anamaliza mililita 8 kwa siku! Nikamuuliza taratibu, unanawaje mpenzi? Mara 4, siku nyingine 5, na usiku anaipaka anaiacha dakika 20 "iingie vizuri" ndo anaosha, na ilipoanza kuchoma akaongeza kiasi maana kaambiwa ikichoma ujue inatoa uchafu.

Hela sikumrudishia, na najua kuna watakaoniona mbaya. Ila sabuni haikuwa feki.

Ile chupa ina asidi ya salisiliki asilimia 2, geuza nyuma tafuta neno linaloanza na SALIC utaiona. Kazi yake ni kuingia kwenye vinyweleo vilivyojaa mafuta na kulegeza ngozi iliyokufa inayoziba njia, ndo maana watu wa chunusi tunawapa hiyo. Asilimia 2 sio ndogo. Ukiiacha usoni kama maski ikishamaliza ngozi iliyokufa inahamia kwenye iliyo hai. Wiki za mwanzo kukauka kidogo kawaida, hata vipele kadhaa kujitokeza vile vilivyokuwa vimejificha chini, hapo hutupi chupa, unapunguza iwe mara 1 kwa siku au siku moja unaruka, unapaka mafuta yako mepesi na sanskrini mchana. Lakini kama dawa ya aspirini ilishakukataa uniambie kabla sijafungua kopo, na mjamzito vilevile, niulize na kliniki kwako uulize, mi sio daktari.

Kitu kingine ni povu. Jamani povu! Mteja anapaka kidogo dukani, halitoki jingi, ananiambia hii haisafishi. Povu linatengenezwa na kiambato, halipimi usafi. Kuna sodium lauryl sulfate na kuna sodium laureth sulfate, tofauti ni herufi chache tu lakini ngozi inazijua, ya kwanza ni kali, inakomba mafuta yote, uso unakaza mpaka ukicheka unasikia unavuta. Wengi mnapenda huo mkazo mnasema nimetakata. Hujatakata, umekauka. Na ukitumia sabuni ya mche ya kufulia au ya kuogea ndo zaidi, pH yake (kipimo cha asidi na magadi) ni 9 mpaka 10 wakati ngozi ya uso iko kwenye 5 hivi, utanawa miezi mitatu uje kwangu unalia mabaka.

Kusoma lebo sio uchawi. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, maji huwa ya kwanza, vile vilivyo chini ya asilimia 1 ndo vinaweza kupangwa vyovyote huko mwishoni. Kwa hiyo ukikuta mbele ya kopo wamechora alovera kubwa ya kijani, afu nyuma alovera yenyewe iko mkiani baada ya harufu, hiyo alovera ni pambo. Harufu wanaandika "parfum", neno moja tu lakini ndani yake zinaweza kuwa kemikali nyingi, na ndo inayoongoza kuwasha watu wenye ngozi nyepesi kukasirika. Mama mmoja alihangaika miezi na kuwashwa kope, tumebadilisha sabuni tatu, kumbe zote tatu zina parfum. Tulivyompa isiyo na harufu, kimya.

Nyingine nacheka mpaka leo. Mteja kaja na foronya ya bluu yenye madoa meupe, mumewe kasema mkewe kaanza mkorogo. Nikamwambia hiyo ni peroksidi ya benzoili iliyo kwenye sabuni yako ya chunusi, inaua bakteria, haichubui mtu rangi ila nguo inachubua kweli, suuza vizuri hadi kwenye nywele za pembeni na taulo tumia jeupe. Ndoa ikaendelea.

Mkorogo wenyewe ni habari nyingine. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), zamani ilikuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Kopo linalokuahidi weupe kwa siku 7 na halina orodha ya viambato silitaki hata kwenye kaunta yangu.

Ila linaloniumiza kichwa kuliko yote ni sabuni za kupima. Mnaniambia "mbona kwako 28,000, kule napimiwa ya 5,000?" Unapimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, haina tarehe, ikikubabua utaniambia ina nini? Na wengine mnanunua kwangu halali kabisa, mkifika nyumbani mnaongeza maji ili iwe nyingi. Ile sabuni ina kiambato cha kuizuia isioze na kilipimwa kwa ujazo ule ule, ukiongeza maji ya bomba umekipunguza nguvu na bakteria umewakaribisha. Nililetewa moja imeota utando juu, na mtu alikuwa anaendelea kunawia. Yule alitumia zaidi ya 90,000 kwa dawa za hospitali ili aokoe nusu chupa.

Kwenye 28,000 yangu kuna kukukalisha, kukuuliza unatumia nini kingine, na kukupaka tone nyuma ya sikio urudi baada ya siku 2 au 3 tuone. Kuna bi harusi aliruka hiyo hatua kwa sababu kicheni pati ilikuwa Jumamosi, na juu yake akajisugua ndimu afu akaenda kupiga picha ufukweni Kigamboni. Ndimu na jua haviivani, akatoka na mabaka meusi mwezi mzima.

Midomo au macho yakivimba, malengelenge yakitoka, au pumzi ikibana, usinipigie mi, suuza kwa maji mengi nenda hospitali.

Yule dada wa Alhamisi nimemsimamishia kila kitu wiki 2, ananawa maji na sabuni laini isiyo na povu jingi, anapaka mafuta ya mgando usiku. Chupa yake nimemwekea hapa kwenye droo, nimeandika jina. Na wewe ukija njoo na zote unazotumia kwenye mfuko, hata ile ya kupima, na uso usiutie kitu asubuhi hiyo. Jumatatu tunafunga.