Jumamosi: fumbo la boda na kilomita

Assalaam aleikum, hamjambo nyote.

Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, pale pale Tudor. Mchango wa chai na mahamri ni shilingi 150, umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa mbili usiku. Laptopu zije na chaji, soketi ni mbili tu.

Fumbo lenyewe, la kuandikia programu ya kompyuta: njia ina vipande vya kilomita 6, 3, 8, 4, 7, 5, na mfuatano haubadilishwi. Wagawieni watu watatu wa boda vipande vinavyoandamana, ili mwenye safari ndefu kuliko wenzake aende kilomita chache iwezekanavyo. Jibu ni 12: 6+3, 8+4, 7+5. Ukijaribu kikomo (kilomita nyingi zaidi anazoruhusiwa mtu mmoja) cha 11, utahitaji mtu wa nne.

Kikomo kidogo zaidi kinachotosha watu watatu mkitafute kwa kukata nusu (mjaribu namba ya katikati, kisha mbaki na nusu yenye jibu) kati ya 8 (kipande kirefu zaidi) na 33 (jumla). Ukianzia 0, programu itampa mtu kipande kinachozidi kikomo chenyewe, na haitalalamika. Hesabu ya watu nayo ianze na 1. Programu huongeza mtu kila kipande kinachofuata kikizidisha kikomo, kwa hiyo hesabu ikianza na 0, wa mwisho hahesabiwi, na 11 itaonekana inatosha. Hili hutupotezea saa nzima!

Tafadhali andika "nipo" au "sipo" kufikia Alhamisi usiku, tuagize mahamri.