Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shungi, Mkasi na Macho ya Kuku Wetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, nami sitamwingilia. Ada zimelipwa vizuri kuliko nilivyotarajia, na waliobaki wanajijua.

Kilichotuumiza kichwa mwaka huu ni shungi. Wengi wetu tunafuga kishungi wa kienyeji, na wachache wana wale wa mapambo aina ya Polish, iliyostawishwa Uholanzi, ambao manyoya ya kichwani hushuka mpaka yakafunika macho. Kuku wa namna hiyo hamwoni mwewe akija. Ukimgusa anaruka kwa hofu, na wenzake wakimdonoa hajui hata akimbilie wapi.

Kamati ilibishana sana kama tukate au tuache. Wanaopeleka kuku kwenye maonyesho ya Nane Nane walikataa katakata, na nawaelewa, kwa sababu shungi likikatwa halirudi mpaka kuku anyonyoke manyoya, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Tukakubaliana kwamba kuku wa maonyesho afungwe shungi juu kwa mpira laini usiobana, na ufunguliwe mara kwa mara. Anayezurura uani apunguzwe manyoya yaliyo mbele ya macho tu. Mmoja amshike akiwa amefungwa kwenye kanga, mwingine akate kwa mkasi usio na ncha kali. Unyoya mchanga ambao shina lake bado lina damu usiguswe, maana huvuja, na kuku wakishaona damu bandani hawaachi kudonoa. Kung'oa hapana kabisa.

Vifaranga wa mashungi makubwa watengwe na wakubwa. Fuvu lao limeinuka kama kinundu na mfupa wake haujafunga vizuri, hivyo donoo la nguvu kichwani laweza kuua.

Lakini kabla ya kushika mkasi, fumbua manyoya utazame ngozi. Kuku wengi tulioletewa kwa ajili ya kukatwa walikuwa na chawa na utitiri, au shungi lilikuwa limelowa kwenye beseni la maji, likagandamana na pumba, jicho likavimba. Chombo cha maji chenye mdomo mwembamba, kuku akaingiza mdomo na shungi likabaki nje, kimetusaidia kuliko mkasi. Kwa maoni yangu kila mwanachama angeanzia hapo, na wengine wasingehitaji kukata kabisa.

Kazi imekuwa nyepesi tangu tuiunganishe na chanjo ya mdondo, yaani ugonjwa wa kideri (Newcastle). Chanjo yenyewe ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na ukishamshika kuku na kumfunua macho, mkague na umpunguze hapo hapo.

Kwa duru ijayo, mpeni katibu idadi ya kuku wenu wiki moja kabla. Chupa ya chanjo ikishafunguliwa haikai, na tumemwaga dozi za kutosha kwa ajili ya watu walioandikisha kuku wasitokee.

Mwenyekiti