Ile voisi nimeifuta

Salim mwanangu, assalam aleikum.

Voisi yako ya Ijumaa nimeisikiza mara tatu. Mamako alikuwa jikoni akikuna nazi nikapunguza sauti pale unaposema hao wasio na makaratasi huko Marekani wafukuzwe wote, milioni 11 sijui ngapi, kwani wewe ulicheza bahati nasibu ya grini kadi ukashinda ukaingia kwa mlango, wao mbona waliruka ua. Haya angeyasikia yangemkata, na wewe hujui kwa nini, basi leo nakwambia.

Cheti chako cha kuzaliwa, kile ulichopatia kipande, yaani kitambulisho, kisha paspoti, kisha hiyo grini kadi, mahali pa mama pana jina la shangazi yako. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza nakwambia karani alikosea. Hakukosea mtu. Mamako hakuwa na kipande, usiku ule wa uchungu tukampeleka na kipande cha shangazi yako, na siku tatu wodini ikabidi aitikie jina la wifi yake, nesi anaita anaita mamako kimya, mpaka mwanamke wa kitanda cha pili amguse bega.

Babu yako unajua alitoka Pemba na mashua baada ya yale Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Mamako kazaliwa hapa hapa Malindi 1968, hiyo Pemba hajaitia mguu, lakini kila akienda kuomba kipande anaambiwa rudi kwenu. Kwenu wapi? Mjombako ndo usiseme, laini ya simu kwa jina la jirani, leseni ya kuvua hapati, akiona boti ya doria azima karabai alale chini na samaki wake. Mpaka 2023 serikali ilipowatambua Wapemba kuwa kabila la Kenya, rais akaja Kilifi mwezi wa saba, vipande vikaanza kutoka. Na hiyo njia walitangulia Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kwenye mashamba ya mkonge, 2016 wakashika barabara kwa miguu kwenda Nairobi ndo wakasikizwa.

Usidhani babako anataka kila mtu aingie anavyotaka. Wako wavuvi waliovuka mpaka juzi na nyavu zao za ringineti wanafagia mpaka vidagaa, hao napigana nao kila kikao cha BMU, kamati yetu ya wavuvi, mjombako pia, tena yeye ana kelele kunishinda. Na ya huko kwenu nimesoma. 1986 rais wao Reagan alisaini sheria, waliokuwa wameingia kabla ya 1982 pamoja na vibarua wa mashamba wakapata makaratasi, jumla kama milioni 2.7 hivi, na waajiri wakaambiwa ukimwajiri asiye na karatasi utabanwa. Makaratasi yakatoka kweli, huko kubana kukalegea, watu wakajaa tena. Kwa hivyo wenye hasira hawana wazimu, hapo nakupa haki yako. Lakini mlango ukilegea mwulize bawabu, si kumwendea mtu kakaa miaka 30 ana wajukuu ati afunge virago. Alipe ada, achunguzwe kama ana makosa ya jinai, kama walivyofanyiwa wale wa 1986, kisha aachwe afanye kazi zake mchana. Hao walioletwa wakiwa watoto Obama aliwapa kibali 2012, lakini ni cha miaka miwili miwili, mtu mzima sasa ana watoto wake bado anahesabu kibali kama kodi ya nyumba, hayo nayo ni maisha?

Mamako siku ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole ilikuwa kichekesho na si kichekesho. Unajua vidole vyake, miaka yote ya kusuka ukili na kupara samaki vimelainika kama kokoto za pwani, alama hazishiki. Yule kijana akampangusa kwa kitambaa, akambonyeza tena, tena, watu nyuma wanaguna, mamako anamwambia mwanangu bonyeza tu hata ukivunja. Miaka 55 alikuwa nayo. Kilipotoka akasoma jina lake kwa sauti pale pale mlangoni, la baba na la babu, kisha akakifunga kwenye pindo la leso.

Sasa ana laini yake mwenyewe, namba nakutumia baadaye. Mpigie. Ya cheti usimwambie nimekwambia, atakueleza akitaka, na ile voisi nimeifuta.

Babako