Wahakiki wa katuni wasikilize pia, wasitazame tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wahakiki wa filamu hulipita kila wanapoandika kuhusu katuni. Husifu michoro, husimulia kisa, hutaja mastaa walioingiza sauti, kisha huweka kalamu chini. Ni nadra kumpata anayeuliza ni nani aliyetengeneza vishindo, mikwaruzo na mihemo ya wahusika hao.

Katika filamu ya waigizaji wa kawaida, maikrofoni hunasa walau kitu siku ya kupiga picha: kiatu sakafuni, mlango, kikohozi. Katuni haina siku hiyo. Mchoro ni bubu, na kila kinachosikika kimechaguliwa na mtu, hivyo kila mlio ni uamuzi kuhusu tabia ya mhusika. Mchukulie mhusika anayeshuka ngazi za mbao. Picha zikiwa zilezile, ukimwekea kishindo kizito na kufuatisha mlio wa ubao unaolalamika chini ya mguu, mtazamaji humwona mzee mnene aliyechoka. Ukiondoa hivyo na kuweka mguso mwepesi, mkavu, wa haraka, humwona mjanja anayenyatia, na huenda akaapa kwamba hata mchoro umebadilishwa.

Ushahidi mzuri ni katuni ya WALL-E ya mwaka 2008, inayomhusu roboti wa jina hilo, ambayo kwa muda mrefu mwanzoni haina karibu mazungumzo yoyote. Msanifu wake wa sauti, Ben Burtt, aliyewahi kuipa sauti roboti R2-D2 katika Star Wars, alitumia jenereta ya kijeshi ya kuzungushwa kwa mkono ili kupata mlio wa mwendo wa WALL-E. Mlio wa mashine ya namna hiyo hupanda na kushuka kwa kadiri mkono unavyokaza au kulegea, ndiyo maana tunamsikia WALL-E akijitahidi, akisita, akichoka. Roboti mwenzake, EVE, hupita kwa mvumo laini usio na mkwaruzo wa gia hata mmoja, nasi tunajua kwamba ni wa kizazi kingine kabla hajafanya lolote.

Sina ugomvi na mastaa, ingawa nakiri kwamba baadhi yao husikika wao wenyewe kuliko mhusika. Ninachosema ni kwamba maneno ni sehemu tu ya sauti ya mtu. Hilo hudhihirika filamu inapoingizwa lugha nyingine: muziki na milio huhifadhiwa mbali na mazungumzo, kwa hiyo hubaki vilevile, lakini kuguna, kuhema na kushtuka kwa mhusika mara nyingi huhitaji kurekodiwa upya na mwigizaji mpya. Kazi hiyo ikifanywa kwa haraka, tunaletewa shujaa anayezungumza vizuri sana lakini anayepanda mlima bila kutweta.

Kwa hiyo naomba gazeti lako liwatake wahakiki wake wamtaje msanifu wa sauti pamoja na mwongozaji, na waeleze walau kwa sentensi mbili alichomfanyia mhusika mkuu. Majina hayo hayafichwi; huorodheshwa mwishoni mwa filamu, wakati ambapo wengi wao wameshainuka vitini.

Wako,
Mpenzi wa filamu za katuni