Kwa Zuhura, kuhusu dripu za vitamini C

Dar es Salaam

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani Tanga. Sisi huku tu wazima, joto tu ndilo linalotuandama. Umeniuliza kama kuna ukweli katika maneno ya wateja wanaofika dukani kwako kutafuta sindano za vitamini C kwa ajili ya ndugu waliolazwa na sepsisi, yaani hali ya hatari ambapo mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi huharibu viungo vyake wenyewe. Nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa kuwa wazo lenyewe, kwamba vitamini hiyo inaweza kuwaponya, si la kipuuzi hata kidogo.

Mwili unapovamiwa na bakteria, seli nyeupe za damu hutengeneza kwa makusudi molekuli kali za oksijeni, kama vile supaoksidi, ili kuwaua. Kwa kawaida silaha hizo huishia palepale penye maambukizi, na mwili una vizuizi vyake: glutathioni, vitamini C na E, pamoja na vimeng'enya kama katalesi. Katika sepsisi mwitikio huo hupotoka ukaenea mwili mzima. Supaoksidi hukutana na naitriki oksidi, ambayo nayo huzalishwa kupita kiasi, zikaunda peroksinaitriti, na hiyo huharibu mafuta ya kuta za seli, protini, na zaidi ya yote mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Kwa sababu hiyo unaweza kumkuta mgonjwa ambaye kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni asilimia 97, huku mkojo umekatika na laktati, asidi inayoongezeka katika damu seli zinapokosa nishati ya kawaida, inapanda: mishipa midogo imeharibika, na hata oksijeni inayofika, seli haziwezi kuitumia ipasavyo. Ukibonyeza ukucha wake, rangi huchelewa kurudi.

Kwa kuwa wagonjwa hawa hukutwa na vitamini C kidogo sana katika damu, ilikuwa rahisi kuamini kwamba kuirudisha kungewaponya. Mwaka 2017 Paul Marik na wenzake wa Marekani walieleza kwamba kati ya wagonjwa 47 waliopewa vitamini C, haidrokotisoni (dawa ya jamii ya steroidi) na thiamini (vitamini B1) walikufa asilimia 8.5, ilhali kati ya 47 waliotibiwa miezi ya nyuma bila mchanganyiko huo walikufa asilimia 40.4. Tofauti kubwa namna hiyo ilipaswa kumtia mtu shaka kabla ya kumtia furaha, maana makundi hayo hayakugawanywa kwa bahati nasibu. Wagonjwa wengine walipogawanywa hivyo katika utafiti wa Australia, New Zealand na Brazil uliochapishwa mwaka 2020, nafuu haikuonekana. Mwaka 2022 utafiti uitwao LOVIT, uliohusisha wagonjwa 872, ulionyesha kwamba waliokufa au kubaki na viungo vilivyoshindwa kazi hadi siku ya 28 walikuwa asilimia 44.5 kwa waliopewa vitamini C, na 38.5 kwa wasiopewa.

Kwa maoni yangu, hilo halithibitishi kwamba uharibifu wa oksidesheni, yaani ule unaoletwa na molekuli hizo kali za oksijeni, hauna maana. Molekuli zilezile zinazoumiza ndizo zinazoua bakteria na kupeleka taarifa kati ya seli, kwa hiyo kuzizima kila mahali kwa pamoja hakuwezi kuwa salama. Tena vitamini C nyingi, ikikutana na madini ya chuma yaliyo huru, huweza yenyewe kuchochea oksidesheni. Watafiti wengine sasa wanajaribu dawa zinazolenga ndani ya mitokondria, lakini bado hazijawa tiba ya wodini.

Kuna mambo mawili ambayo wateja wako hawaambiwi. Dozi kubwa ya vitamini C hudanganya baadhi ya mashine za kupima sukari kwa tone la damu, zikaonyesha sukari ya juu isiyokuwapo, na muuguzi akimpa mgonjwa insulini kwa kuitegemea namba hiyo, sukari halisi itashuka kwa hatari. Pia mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao pwani yetu si nadra, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu.

Kwa hiyo atakapokuja mwingine, mwulize kwanza kama mgonjwa wake ameanzishiwa antibiotiki ya mshipa na kama usaha, ukiwapo, umetolewa. Presha ikiwa imeshuka, antibiotiki hiyo inatakiwa ndani ya saa moja. Kama fedha ya familia inatosha kitu kimoja tu, iende huko.

Wasalimie watoto na mama.

Wako,
Halima