Kuhe hajaenda mbali, mwanangu

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Meseji zako zote nimeziona, na ile ya saa nane usiku nimeiona pia, kwani wewe hulali? Sijajibu moja moja maana kidole changu kwenye hii simu unakijua mwenyewe, nikaona bora nikae chini nikuandikie yote kwa mpigo, alafu usome ukiwa umetulia chumbani sio umening'inia kwenye daladala.

La kwanza kabisa, usipande basi wala treni kuja Kigoma kumtafuta paka wako Kuhe. Kaka yako kaniambia ushaanza kuulizia tiketi. Mama, una mitihani, na njia yenyewe ya kutoka Dar mpaka huku unaijua, utafika umechoka na umenuna alafu utaenda kulia kwenye fensi za watu na paka akikusikia unalia atazidi kujibanza. Kaa huko. Huku tupo sisi na kazi inaendelea.

Najua umeshaambiwa vipande vipande na kila mtu kaongeza chumvi yake, mara gari, mara kaibiwa. Ilikuwa hivi. Fundi wa bati alikuja ile sehemu ya korido inayovuja, tuliwahi kabla mvua hazijachanganya. Akapanda, akagonga nyundo ya kwanza tu, Kuhe akachomoka chini ya kabati akapita katikati ya miguu ya baba yako, mlango wazi, geti wazi kwa ajili ya kuingiza bati, akapotelea upande wa kushoto. Ni hivo tu. Hakuna gari, hakuna mwizi, nani aibe paka Mwanga hii.

Baba yako akasema paka hapotei, mtu ndo anapotea, ana miguu minne atarudi mwenyewe akisikia njaa. Maneno hayo ni ya paka wa mtaani anaejua kila kichochoro. Huyu wa kwako toka umlete kwenye boksi la sabuni hajakanyaga udongo, anajua tu sebule, jiko na kile kidirisha chako anachokaa kuangalia kunguru, leo kajikuta nje kwenye kelele za bodaboda na mbwa, atarudi vipi nyumba ambayo hajawahi kuiona kwa nje? Fikiria hapo.

Na mtaa mzima una jibu moja, kafuata dagaa Kibirizi. Kila ninaempita, "mama, paka wako yuko Kibirizi anakula dagaa huyo." Wanacheka. Haya, sasa mimi nauliza, paka gani wa Kigoma anahitaji kushuka mpaka ziwani kutafuta dagaa wakati kila nyumba hapa ina dagaa zimeanikwa, sokoni dagaa, dukani dagaa, mpaka kwenye begi la shule la mdogo wako kuna harufu ya dagaa? Alafu kule Kibirizi kuna wenyewe, yale mapaka yenye masikio yaliyochanika yamezaliwa kule, mgeni anakula kichapo siku hiyohiyo. Kaka yako alikwenda lakini, kwa kukuridhisha wewe tu, akarudi na samaki, migebuka.

Huyohuyo kaka yako ndo kasoma kwenye simu akanitulia kunielezea, na hapa nimpe haki yake. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2018 waliuliza watu 1,210 waliopotelewa na paka, kati ya paka waliopatikana robo tatu walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotokea, na wale wa kukaa ndani tu walikuwa karibu zaidi ya hapo, nyumba ya pili, ya tatu. Theluthi moja ya paka wote waliopotea walipatikana wazima ndani ya wiki ya kwanza. Na wakaona pia kwamba waliotoka wakatafuta kwa miguu na macho yao walielekea kuwapata zaidi. Nikamsomea baba yako hiyo, akasema utafiti wa wazungu, nikamwambia sawa, vaa viatu.

Kitu kilichonifungua macho ni hiki, paka wa ndani akishtuka hakimbii mbali, anaingia kwenye shimo la kwanza analoliona na anakaa hapo kimya, na haitikii. Hata umwite wewe mwenyewe unaemlisha haitikii, maana akitoa sauti anahisi amejionyesha kwa adui. Ni kama mtoto wa boding siku ya kwanza, anaitwa jina analisikia kabisa na kainamisha kichwa. Kwa hiyo zile siku za mwanzo tulizokuwa tunapita barabarani tunaita Kuhe, Kuhe, alafu tunasema hapa hayupo twende mbele, yawezekana kabisa alikuwa anatuangalia ndala zetu. Ukikagua sehemu uinue, uchungulie, uingize tochi. Kuita tu hakukagui kitu.

Kaka yako alitaka tukodi lile gari la matangazo lenye spika. Nikakataa. Paka katoroka kwa sababu ya kelele, unampelekea kelele nyingine kubwa zaidi, na masikio yake yanasikia hata vile visauti vyembamba ambavyo sisi hatuvisikii kabisa. Hela ya spika nikaipeleka kwenye betri za tochi.

Maana wakati wa kumtafuta ni usiku mwanangu, tena usiku wa manane, saa tisa hivi, bodaboda zimelala na mbwa wamechoka. Sasa hebu jiulize mwenyewe, mwanamke mtu mzima, Kigoma, saa tisa usiku, anachungulia kwenye choo cha jirani, anatafuta paka, na paka mwenyewe MWEUSI. Unaona hiyo habari inavokwenda? Kesho yake sina jina tena. Ndo maana nilianza kwa mjumbe, nikamueleza, akacheka mpaka akakohoa, alafu akasema atatuzungusha yeye mwenyewe, na mchana wake nikapita nyumba hadi nyumba nawaambia jamani usiku mkiona tochi ni mimi, namtafuta paka wa binti yangu. Mama wa duka akaniuliza kwa nini usitafute mwingine tu, wapo wengi. Sikumjibu vizuri, we niache tu. Na kutoka nikatoka na dera, koti la baba yako na zile ndala zangu zinazopiga kelele, makusudi, mchawi havai ndala za kupiga kelele.

Tochi nayo ina namna yake. Usiishike kiunoni unavoshika ukienda chooni, unaiweka hapa pembeni ya jicho, usawa wa kichwa, alafu unapitisha taratibu chini chini. Macho ya paka yana kitu nyuma kinachorudisha mwanga, kwa hiyo mwili mweusi huuoni kabisa ila macho yanawaka. Ya kwanza tuliyoyapata yalikuwa ya mbuzi wa mzee wa kona, mjumbe alishasema "huyo hapo!" na mbuzi akalia. Ya pili paka wa mtu mwingine, jike lina mimba, likatutukana.

Ya kwake tumeyaona nyuma kwa yule mama anaechemsha chikichi. Unapajua, ukuta wa nyuma na wetu umegusana, yaani ukihesabu kwa hatua ni aibu. Ana lile pipa lake la mawese na kuni amezipanga mpaka karibu na dirisha, na pale chini kuna joto la majivu. Nimeinama, tochi hapa, nikaona vidoti viwili vya kijani vimebanana kati ya gogo na ukuta, vikapepesa kidogo. Nikashusha mwanga pembeni nisimchome macho, nikaona soksi yake nyeupe ya mguu wa kushoto. Imekuwa kahawia lakini ni yeye. Kaka yako akataka kuanza kuvuta kuni hapohapo nikamkamata shati kwa nyuma. Ukimvurugia pale anatokea upande wa pili na safari hii hatujui anaenda wapi, hapa angalau tuna anwani.

Tukamuachia maji na kipande cha samaki, alafu nikamwaga majivu laini kuzunguka, nikayasawazisha kwa mkono kama unga wa kusukumia chapati, ili asubuhi nijue nani kala, maana sahani tupu haina ushahidi hapa mtaani, kuna kuku, kuna mbwa, kuna watoto. Asubuhi nikakuta nyayo za mviringo, hazina alama ya kucha. Mbwa anaacha kucha. Nimefurahi we acha, nimepiga picha nimekutumia, ile picha uliyouliza "mama hii ni nini" ndo hiyo.

Mambo ya mabango nayo nikuambie. Nilipeleka picha yake stesheneri wakatoa fotokopi, sasa paka mweusi kwenye fotokopi ni doa la wino lina macho mawili, mtu akipita anafikiri ni tangazo la mganga. Tumetoa upya, tukatumia ile amelala kwenye shuka la njano. Kile kipinda cha ncha ya mkia sikukiandika, na ilinisaidia, manake alipiga kijana mmoja anasema paka ninae mama, yuko salama, nitumie nauli kwenye namba hii. Hawa watu wa tuma kwenye namba hii hawachoki jamani. Nikamuuliza mkia wake ukoje, akasema mzuri tu mama, mrefu. Nikamwambia haya mwanangu, mlishe, na nikakata. Ila mabango yana faida, watoto wa mtaa wote sasa wanamjua, na nimewaambia ukimuona usimkamate, kimbia uniite. Paka aliyeogopa anang'ata hata anaempenda, na kung'atwa na mnyama sio mchezo, unaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima alafu unakwenda hospitali moja kwa moja uchomwe sindano, hata kama kidonda ni kidogo. Kadi yake ya chanjo nimeiona kwenye droo yako, iko sawa, lakini huwezi jua kakutana na nani huko nje.

Ninachoogopa mimi ni kutokula. Huyu kijana wako umemnenepesha, na bwana mifugo kanieleza kwamba paka mnene akikaa siku kadhaa hajala kabisa ini ndo linaanza kuharibika. Kile kipande cha samaki kimepungua, sawa, lakini ni kidogo. Kwa hiyo hatumsubiri aamue mwenyewe kutoka, leo usiku tunamtoa.

Nimeazima tenga la kuku kwa mama wa mawese, lina kimlango cha kushuka, tumefunga kamba ndefu kwenye kimlango, kaka yako atakaa kwenye kiti kule karibu na ukuta wetu kashika kamba, haongei, havuti simu mfukoni. Ndani tunaweka kichwa cha kuhe, yule samaki wa ziwani aliyempa jina, kilichochemshwa kikiwa bado kina mvuke, dagaa hapana, harufu ya dagaa hapa ni hewa tu, hajapewa jina la kuhe bure huyu. Na chini ya kichwa natandika ile kanga yako ya zambarau uliyoiacha kwenye kapu la nguo chafu, sijaifua na leo nimefurahi sijaifua. Mama wa mawese amekubali kesho asiwashe moto mpaka tumalize. Nitamnunulia sukari, usisahau kumpigia umshukuru, kwa jina la heshima, sio "mambo mama".

Sasa wewe kazi yako ni hii. Nirekodie vois ukimwita, hivohivo unavomwitaga, ile ya kuvuta mwisho, alafu na kile kisauti chako cha ulimi. Dakika moja inatosha. Bila kulia. Kaka yako anasema Wajapani walishapima hilo mwaka 2013, paka anaitambua sauti ya mwenye nae kati ya sauti za wageni hata kama hasogei, anageuza sikio tu. Sikio likigeuka kwangu inatosha, nitaipiga kwa sauti ndogo simu ikiwa nyuma ya tenga.

Itume kabla ya saa mbili usiku maana bando langu linaisha leo na baba yako kaweka neno la siri kwenye hotispoti yake. Alafu usome, ulale. Nikimtia mkononi nakupigia hata kama ni saa kumi, acha simu iwe na sauti.

Mama yako
Mwanga, Kigoma